Taa ya Giaboksi

Machi 3

Mvua imeanza leo na paa la hanga la helikopta linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu ya vifaa. Mwaka jana niliandika barua mbili kuhusu paa hilo. Mwaka huu siandiki kitu, nimenunua ndoo.

Daktari wangu wa presha ndiye aliyeniambia nianze kuandika humu. Kasema nitafute pa kutua hasira, wengine hulima bustani. Mimi sina bustani. Nina helikopta mbili za polisi za kutengeneza: moja imelala tangu Desemba ikisubiri vipuri, nyingine inafanya kazi ya zote mbili.

Machi 4

Kila asubuhi saa moja Mkuu wa kikosi husimama mlangoni na kikombe chake na kuuliza neno moja: "Nzima?" Haingii ndani, viatu vyake visije vikaguswa na oili. Mimi hujibu, "Nzima, afande." Naye huondoka. Hapo ndipo ukaguzi wa usalama unapoishia kwetu.

Machi 6

Leo rubani katua saa nne, kaja moja kwa moja kwangu, kaninong'oneza kwamba taa ya giaboksi iliwaka. Rubani huyu ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kwa hiyo kuninong'oneza kwake si ajabu. Mdogo wangu ana mimba ya miezi sita na shemeji siku hizi ananong'ona hata akiomba chumvi.

Ndani ya giaboksi mna kizibo chenye sumaku. Meno ya gia yakianza kusagika, unga wa chuma hunaswa pale, na ukizidi, taa ya njano huwaka mbele ya rubani. Nimefungua kizibo. Unga mwembamba tu, kama wa penseli. Nimesafisha, nimerudisha, tumewasha injini nusu saa, taa haikuwaka tena.

Sheria inasema ikiwaka mara moja, safisha na uandike kwenye kitabu cha ndege. Ikiwaka mara ya pili kabla ya kuruka saa hamsini, ndege hairuki mpaka giaboksi ifunguliwe.

Sikuandika. Ilikuwa mara ya kwanza tu.

Machi 7

Nimesoma ya jana na nimejiona mjinga. Acha nieleze, maana hata mimi mwenyewe nahitaji kuelezwa.

Hanga letu lina vitabu viwili. Cha kwanza ni kitabu cha ndege, chenye jalada gumu na kurasa za namba. Ukiandika kasoro humo, helikopta imefungwa mpaka fundi mwenye leseni atie sahihi kwamba ameitengeneza. Cha pili ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, linakaa kando ya birika la chai. Humo ndimo tunamoandika mambo ya kweli: mlango wa nyuma haushiki vizuri, redio inakoroma, mkanda wa kiti umechakaa. Ukurasa ukijaa tunauchana na kupangusia oili.

Hakuna aliyetuamuru. Tulikuta mambo yako hivyo. Na taa ya giaboksi hatuiandiki hata kwenye daftari la birika, ni jambo zito mno. Inanong'onwa.

Machi 12

Mvua. Tumebeba watu saba kwenye ndege ya watu sita. Mmoja alikuwa mpiga picha wa Mkuu.

Machi 17

Rubani karuka jumla ya saa kumi na mbili jana na leo. Asubuhi kumsaka mwizi wa magari, mchana mafuriko, jioni kumpeleka mgeni wa Mkuu akazindue kisima. Kisima kiko kilomita ishirini kwa barabara ya lami. Shemeji alishuka akanipita bila kuniona, akaenda kukaa kwenye ngazi ya stoo na kofia yake kichwani.

Mdogo wangu kapiga simu. "Dada, ile ndege nzima?" Nikamwambia nzima, awe na amani.

Machi 20

Taa tena. Unga uleule, labda umezidi kidogo. Nimesafisha. Shemeji aliniangalia, nikamwangalia. Alisema wilaya ya chini watu wako juu ya mapaa, nani ataifungia chini ndege wakati watu wako juu ya mapaa? Nilitia sahihi kitabu kisafi.

Watu kumi na mmoja wameokolewa leo kwa ndege hiyo. Nasema na hilo, maana ni kweli, na ndilo linalonifanya nifyate ulimi.

Machi 21

Nimelala vibaya. Presha iko juu.

Machi 28

Mkuu karekodiwa na watu wa televisheni mbele ya helikopta. Kasema kikosi chake hakijawahi kukosa kuruka hata siku moja msimu huu. Damu ilinichemka. Fundi Spana, mwenzangu wa zamu, aliniminya mkono nisije nikafungua mdomo.

Spana ana miaka thelathini kazini na amebakiza miwili astaafu. Mimi nafanya siku tatu, yeye siku tatu. Tunakutana Jumamosi tu, kukabidhiana, na tukikutana tunazungumzia magoti yake. Ni mtu mwema. Naandika hili ili nikumbuke, maana wema wake huwa unaniudhi.

Aprili 2

Taa, mara ya tatu kwangu. Safari hii kwenye sumaku kulikuwa na kipande, si unga. Kidogo, kama ncha ya kucha ya mtoto. Nilikiweka kwenye kiganja nikakigeuza geuza kwenye mwanga. Chuma hakijikati chenyewe.

Nilimfuata Mkuu ofisini. Mara ya kwanza mwaka huu napanda ngazi zile. Nilimwonyesha kipande. Hakukigusa. Alinikaribisha kiti, akaniulizia mama yangu, akasema ananitegemea kuliko mafundi wote, kisha akasema ndege ikifungwa leo na mto ukapanda kesho, ni mimi nitakayewaeleza wenye watoto juu ya mapaa. Anauma na kupuliza, yule. Mwishoni akauliza, "Sasa fundi, unaniambia ni mbovu?"

Nilisema ningependa kuiangalia zaidi tukipata nafasi.

Akasema vizuri sana, tukipata nafasi.

Hakunikataza kuandika. Nataka hili lieleweke. Hakusema neno "usiandike." Nilishuka ngazi zile nikijichukia kuliko ninavyomchukia yeye, na yeye namchukia sana.

Aprili 3

Kwa nini nilisema "ningependa"? Mtu akiona nyumba inaungua husema angependa maji?

Aprili 9

Ndege imetua uwanja wa soko, hakuna aliyeukagua kwanza. Upepo wa mapanga uling'oa mabati mawili ya kibanda. Bati moja lilipita hatua tatu kutoka kwenye rota ya mkia, yale mapanga madogo ya nyuma. Aliyenieleza ni askari wa kamera, yule anayekaa kushoto, na alikuwa akicheka. Wanaocheka hivyo huwa wameogopa.

Aprili 13

Mdogo wangu alinipikia leo nyumbani kwake. Ameanza kuvimba miguu. Shemeji alilala kwenye kochi kabla sahani hazijaondolewa. Mdogo wangu aliniuliza tena, akiwa ameshika sufuria, kama ndege ni nzima. Nikasema nzima. Tumbo lake lilikuwa mbele yangu na nikasema nzima.

Aprili 16

Taa. Mara ya nne. Vipande viwili. Nimesafisha.

Nimeweka sahihi. Mkono wangu una tabia yake sasa, unatia sahihi peke yake.

Aprili 18, Jumamosi

Naandika nikiwa nimetulia, au najifanya nimetulia.

Asubuhi saa tatu helikopta iliondoka na shemeji, askari wa kamera, Mkuu mwenyewe, na mgeni mkubwa kutoka makao makuu aliyetaka kuona mafuriko kwa juu. Mvua ilikuwa nyepesi. Mimi na Spana tulikuwa tunakabidhiana. Alikuwa anamimina chai. Nikamwambia, kwa sababu ilikuwa imenikaa kooni, kwamba Alhamisi nimesafisha sumaku kwa mara ya nne.

Aliendelea kumimina mpaka chai ikafurika kwenye meza.

"Ya nne ya nani?" akauliza.

"Yangu. Kwani ya nani?"

"Mimi nimesafisha tatu," akasema. "Nilidhani ni zangu tu."

Tulitazamana watu wazima wawili wenye leseni. Nne zangu, tatu zake. Saba, katika wiki sita. Kila mmoja wetu alikuwa anaficha lake ili asimtie mwenzake matatani, na kila mmoja alijiambia mwenzake angeona kitu angesema. Usipoandika, kila mara ni mara ya kwanza. Spana alisema vipande vyake vya mwisho vilikuwa virefu kama punje ya mchele.

Sikumbuki kukimbia ila najikuta kwenye redio. Nilimwita shemeji kwa namba ya ndege, kama inavyotakiwa. Akaitika. Nikamwambia atue sasa, popote, asirudi nyumbani, atue. Akasema, "Shemeji, taa imewaka tangu tumevuka mto. Na oili imepanda joto."

Kisha sauti ya Mkuu ikaingia. "Fundi, nani kakupa ruhusa ya kuamrisha ndege yangu? Rubani, endelea. Tuna dakika ishirini tufike."

Sijawahi kumfokea mtu mwenye cheo. Leo nilimfokea. Nilimwambia kama anataka kufika aombe mabawa. Spana aliketi chini akaweka mikono kichwani. Redio ikakoroma, ikakata. Tulisubiri. Sitaandika tulivyosubiri.

Baada ya dakika nne shemeji akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza soda, kwamba yuko chini, uwanja wa shule, wote wazima.

Wamekwama kwenye tope hadi magotini. Viatu vya Mkuu vimebaki huko.

Aprili 20

Tumefungua giaboksi pale pale uwanjani, chini ya turubai. Meno matatu ya gia hayapo. Mtaalamu aliyeletwa kutoka nje ya kikosi aliinama muda mrefu na tochi. Nilimwuliza ingeshika dakika ngapi zaidi. Akasema maswali mengine fundi hajiulizi, akaomba maji ya kunywa.

Aprili 22

Nilidhani watatushukuru. Nacheka mwenyewe.

Shemeji amesimamishwa kazi. Mashtaka: kutua bila amri, kumhatarisha mgeni, na kuharibu mali ya serikali. Mkuu anasema giaboksi ilivunjika kwa sababu rubani aliibamiza ndege chini kwa woga. Ushahidi wake ni nini? Kitabu cha ndege. Kitabu kisafi, hakina doa tangu Februari, na kila ukurasa una sahihi yangu au ya Spana. Ndege nzima ilipaa, rubani mwoga akaivunja. Wangekufa wangeitwa mashujaa. Wamepona, kwa hiyo wanatafutiwa kosa.

Aprili 23

Mdogo wangu hapokei simu yangu.

Aprili 25

Kapokea. Kasema, "Uliniambia nzima, dada. Sufuria mkononi mwangu, uliniambia nzima." Kisha akakata. Bora angenitukana.

Aprili 28

Tume ya uchunguzi itakaa tarehe 6. Mkuu kaniita. Safari hii alikuwa na chai kwa ajili yangu. Kuna nafasi ya masomo ng'ambo, miezi mitatu, amefikiria jina langu. Alisema jambo hili ni la rubani, mafundi kitabu chao kiko safi, kwa nini tujitie kidole jichoni? Nilikunywa chai yake yote ili nisiseme kitu.

Mei 1

Nimekaa na kufikiri ni wapi palipoandikwa kwamba taa iliwaka. Kitabu cha ndege, hapana. Daftari la birika, hapana, na hata ingeandikwa humo tungekuwa tumeshapangusia oili. Mahali pekee duniani ni humu. Tarehe 6 Machi, 20 Machi, 2 Aprili, 16 Aprili. Na mazungumzo ya ofisini. Na viatu vya Mkuu, na presha yangu, na mimi nikimdanganya mdogo wangu.

Mei 2

Spana kaja nyumbani, kavaa shati la kutokea. Aliomba, hakuamuru. Jana nilimwambia kwamba nina daftari hili. Alisema nikilitoa tunazama wote wawili, na yeye amebakiza miaka miwili. "Usimwage mtama penye kuku wengi, dada." Nilimwambia tumeufungia ghalani mpaka umeoza. Nilimwuliza shemeji afukuzwe kwa kosa letu? Alilia. Mzee wa miaka hamsini na nane alilia kwenye kiti changu cha plastiki, na mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikumpa hata kitambaa.

Mficha uchi hazai, bibi yangu alikuwa akisema. Ninamwelewa sasa.

Mei 5

Nimesoma humu mwanzo hadi mwisho. Sijachana ukurasa hata mmoja, ingawa uko mmoja ambao ningependa. Kesho nalikabidhi daftari lote kwa tume.

Mei 7

Naandika nyuma ya fomu za vipuri, daftari langu liko kwa tume.

Mwenyekiti ni mama mwenye miwani minene, hakimu mstaafu. Jana alisoma kwa sauti, tarehe kwa tarehe, bila kuruka. Alisoma ile ya Mkuu kuogopa oili kwenye viatu na katibu akainama ghafla kuokota kalamu ambayo haikuanguka. Alisoma ile ya sufuria. Mdogo wangu alikuwa ameketi nyuma, miguu juu ya kiti cha pili. Sikugeuka.

Aliniuliza nani aliniamuru nisiandike. Nilifungua mdomo. Nilitamani sana kusema ni yule pale. Nikasema hakuna, mama. Nilikuwa naulizwa tu kama ni nzima, na nilijua jibu linalotakiwa. Mkuu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonewa.

Spana alisimama bila kuitwa. Akasema, "Na tatu ni zangu." Akataja tarehe zake, alizikumbuka zote. Hapo ndipo nilipotamani ningempa kile kitambaa.

Mwenyekiti akaandika saba. Akasema basi rubani kila mara alimwambia fundi akarudishiwa ndege yenye sahihi, na huenda hakujua kuwa zimefika saba, kwa hiyo hana hatia ya kuipaisha. Shemeji alikuwa ameokoka. Angekaa kimya tu hapo, angerudi kazini na barua ya pongezi.

"Nilijua," akasema. "Taa huwaka mbele yangu mimi. Zote saba nilikuwepo. Na kuna mbili nyingine sikumwambia mtu."

Mwenyekiti alimwuliza kwa nini. Akasema rubani aliyemtangulia aliikataa ndege mara tatu, sasa anahesabu sare stoo. Akasema alidhani sisi mafundi tunaambiana. Mbili zile alizificha kwa sababu mkewe alikuwa kliniki siku hizo na alitaka kumaliza zamu awahi.

Tisa. Nilimgeukia na kama si meza ningemkamata kola. Wiki mbili nzima nimejichinja kwa ajili ya mtu aliyekuwa amekaa juu ya taa tisa, akija kula na kulala kwenye kochi. Nimemkasirikia kuliko Mkuu. Leo asubuhi bado. Mchana imepungua kidogo, maana hakuna aliyemlazimisha kusema.

Mei 15

Mdogo wangu kajifungua mapema, msichana, kilo mbili na nusu. Wote wazima. Nimeliandika neno hilo kwa shida.

Mei 19

Uamuzi umetoka. Spana anastaafishwa sasa. Rubani karipio, anarudi kazini. Mimi onyo la mwisho kwa maandishi, na nabaki, kwa sababu hakuna fundi mwingine mwenye leseni ya ndege hii. Kuhusu Mkuu, tume "haikupata amri yoyote iliyotolewa kwa mdomo au maandishi." Wamependekeza apewe semina.

Semina. Watu wanne walibakiza dakika chache waingie kaburini na dawa yake ni semina yenye maandazi.

Mei 22

Giaboksi mpya imefika. Nimeifunga peke yangu, siku mbili. Nilimkumbuka Spana kila nilipohitaji mkono wa pili. Sikumpigia. Nitampigia.

Mei 26

Mdogo wangu kaniita. Aliniweka mtoto mapajani kabla hatujasalimiana vizuri, nadhani ili nisiweze kuondoka. Kesho mumewe anarudi kuruka. Akaniuliza lile swali, na safari hii alikaa chini kulisubiri jibu.

Nikamwambia, "Giaboksi ni mpya. Mkuu ni yule yule."

Kisha akamwita mumewe kutoka chumbani, akaniambia nirudie mbele yake. Nikarudia. Shemeji alisimama mlangoni na nepi mkononi.

Mei 27

Mvua imekatika. Shemeji aliruka nusu saa ya majaribio, yeye peke yake. Mkuu alikuwa mlangoni na kikombe, na nyuma yake gari la mgeni mwingine likiwa limewashwa, maana kuna sherehe mahali na helikopta inasubiriwa.

Shemeji alizima injini, akashuka, akaja. Hakuninong'oneza. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye gari kwamba taa ya giaboksi imewaka.

Gia mpya hutoa unga kidogo mwanzoni, ni kawaida. Nilifungua kizibo mbele yao wote. Unga mwembamba, hakuna kipande. Mkuu akashusha pumzi, akasema kumbe ni hicho tu, basi nisafishe waondoke, mambo madogo haya hatuna haja ya kuyajazia kitabu.

Shemeji alichukua kitabu cha ndege rafuni, akakifungua ukurasa wa leo, akaniwekea kalamu juu yake. "Andika, shemeji. Nami natia sahihi chini yako. Sipandi mpaka wino ukauke."

Mkuu alisema mgeni anangoja. Nilifuta mikono, nikaandika tarehe, saa, na kasoro: taa ya giaboksi, mara ya kwanza. Nilikandamiza kalamu kwa hasira ya miezi mitatu na maandishi yametoka mabaya, lakini yanasomeka. Safari hii ilikuwa mara ya kwanza kweli.